Niliandika "Marekebisho Madogo"

Vijana, wengi wenu mmeniuliza mjifunze lugha gani ya kompyuta ili mfanye kazi niliyokuwa nikiifanya. Hilo sina haraka nalo. Kwanza niambieni: siku utakapokosea, utaandika nini?

Naitwa Mutiso, wa Kitengela. Shule niliishia kidato cha nne. Nilianza kazi nikibeba magunia kwenye kiwanda cha saruji huko Athi, mpaka siku walipotaka mtu wa kupangusa vumbi kwenye chumba cha kompyuta. Niliingia na kitambaa, nikatoka humo baada ya miaka ishirini na sita, nikiwa mstaafu. Baada ya hapo nikatunza programu moja ndogo inayoitwa ruhusa kwa miaka kumi na minne, bila mshahara, kwenye meza ya jikoni.

Ruhusa haina picha wala vitufe. Unaandika neno "ruhusa" kwenye skrini nyeusi, halafu amri unayotaka. Programu inasoma faili la sheria: huyu ni nani, na amekubaliwa kufanya nini? Ikiridhika, inakupitisha kufanya jambo hilo moja kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta. Isiporidhika, inakukatalia. Iko ndani ya mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, ule unaotengenezwa na watu wa kila mahali na kuchukuliwa bure na yeyote anayeutaka. Majirani waliposikia nafanya kazi ya usalama, walianza kuniletea habari za wezi wa kuku.

Aliyenifundisha ni Kariuki, mkuu wa kile chumba cha kiwandani. Alikuwa mtu mfupi wa Kiambu, mnywaji wa chai bila sukari, na alisoma programu kwa sauti kama mtu anayesoma somo kanisani. Alisema jicho huruka mstari lakini mdomo hauruki. Siku moja kifaa cha mlangoni kiliharibika, kikawa hakimtambui mtu yeyote. Meneja akaja akasimama nje.

"Kariuki, fungua. Si unanijua?"

"Nakujua, bosi. Kifaa ndicho hakikujui."

"Kwani ni kifaa kinakulipa?"

"Hapana, bosi. Lakini ukiingia leo kwa sababu kifaa kimeharibika, kesho mtu atakiharibu ndiyo aingie."

Meneja alisimama pale dakika arobaini na jua lote la Athi kichwani. Mimi nilikuwa nyuma ya meza. Kariuki akanigeukia akaniambia, "Mutiso, mlinzi akichanganyikiwa, afunge. Ataomba msamaha baadaye."

Tena tulikuwa na kitabu cha zamu. Kosa liliandikwa humo kwa biro nyekundu, na jina la aliyekosea pembeni. Haikuwa kwa ajili ya kumwaibisha mtu. Anayeingia zamu alikuwa na nafasi ya kusoma ukurasa mmoja tu kabla ya kuketi, na jicho lake lilikwenda moja kwa moja kwenye nyekundu. Mwaka wangu wa kwanza nilimaliza biro mbili.

Nawaambia haya mjue kwamba nilifundishwa. Nilichokuja kufanya, nilikifanya nikijua.

Nje kidogo ya mji wa Kajiado kuna dispensari moja, na nesi wake anaitwa Naserian. Kanisa lilikuwa limempa kompyuta kuukuu, nami nikamwekea mfumo wetu kwa sababu ni mwepesi na hauhitaji mashine mpya. Daftari la wagonjwa lilikaa humo, pamoja na wale wanaomeza dawa kila siku maisha yao yote. Kulifungua kulihitaji ruhusa, na sheria ilimtaja Naserian peke yake.

Mtandao wa pale ulikuwa hafifu, hata picha haikupita. Kwa hiyo Naserian alikuwa na utaratibu wake. Siku ya soko alikwenda mjini na flashi mkobani, akasoma kwa simu maelezo niliyoandika kuhusu toleo jipya, kisha akaamua kulipakua au kuliacha. Uamuzi aliuandika kwenye daftari la shule lenye jalada la buluu. Hakuwa na njia nyingine ya kujua. Alikuwa na maneno yangu tu.

Asubuhi moja akanipigia. Stima ilikuwa imepotea na kurudi mara tatu.

"Mzee, programu yako inanikataa."

"Inasemaje?"

"Inasema hakuna sheria. Na niko na mama hapa kwa benchi, ametoka mbali, sijui mara ya mwisho alipewa dozi gani. Nimwambie arudi nyumbani?"

Nilipata chanzo kabla ya saa sita. Nilikuwa nimeweka kumbukumbu ya nani ameingia mara ya mwisho ndani ya faili lilelile la sheria, hivyo kila mtu alipotumia programu, faili zima liliandikwa upya. Stima ikikatika katikati ya kuandika, faili hubaki tupu. Shikeni hili: sheria zikae peke yake na kumbukumbu peke yake. Tena usiandike juu ya faili lililopo. Andika jipya kando yake, hakikisha limefika kwenye diski, ndipo ulipe jina la lile la zamani. Hapo stima ikikatika utakuwa na la zamani au jipya, hutakuwa na tupu.

Hayo ndiyo marekebisho niliyopaswa kufanya. Yangenichukua wiki nzima, na masikioni mwangu mlikuwa na sauti ya yule mama wa kwenye benchi akikohoa. Nikachukua njia ya mkato. Niliandika mistari miwili: faili la sheria likiwa tupu, mruhusu yeyote aliye na akaunti kwenye kompyuta hiyo. Nilijiambia kwamba pale kuna mtu mmoja tu, Naserian. Nilisahau kwamba dispensari ina kesho, na kwamba toleo langu halikwenda kwake peke yake. Lilikwenda kwa watu nisiowajua, kwenye mashine nisizozijua. Kariuki alikuwa ameshafariki. Nashukuru hakuona.

Naserian alinitumia kibuyu cha maziwa.

Mwaka ukapita. Dispensari ikapata karani, akapewa akaunti yake, na sheria ikamruhusu kuwasha printa basi. Mimi sikujua habari zake.

Kisha nikapata barua pepe kutoka kwa mtu wa mbali ambaye sijawahi kumwona. Aliandika kwa heshima, faraghani: amepata kwamba ruhusa, ikikuta faili tupu, hufungulia kila mtu. Je, ilikusudiwa? Safari hii nilifanya kazi kama inavyotakiwa, siku nane, nikisoma kila mstari kwa sauti mpaka mke wangu akahamia sebuleni. Nilipomaliza, ikabaki kuandika maelezo ya toleo.

Desturi ya kazi yetu inajulikana. Kosa la usalama hutangazwa: liko wapi, linamgusa nani, afanye nini, afanye upesi. Lakini ruhusa ilikuwa imechaguliwa wiki hizohizo iingie katika kila nakala ya mfumo, badala ya kuwa kitu cha kuongezwa na anayetaka. Mzee wa kidato cha nne wa Kitengela! Nilifikiri nikitangaza, wataiondoa. Nikaandika: "Toleo jipya. Marekebisho madogo." Yule mtu wa mbali akauliza kwa nini hakuna tangazo. Nikamjibu kwamba linakuja.

Miezi mitano likawa linakuja.

Naserian akapiga simu Ijumaa moja, saa nne asubuhi. Hakunisalimia.

"Mzee, nikuulize kitu. Programu yako inaweza kumruhusu mtu mimi sijamruhusu?"

Karani alikuwa amefungua daftari la wagonjwa. Stima ilikatika siku ya soko, ikarudi, na karani alipokwenda kuwasha printa akajaribu na daftari, likafunguka. Akasoma. Akamwambia mke wake, na maneno yakafika kwenye foleni ya maji kabla ya jioni. Mama mmoja wa pale alisikia jina lake mwenyewe likisemwa nyuma ya mgongo wake. Alibeba vitu vyake akaenda kwa dada yake, huko Matasia. Kabla ya kuondoka alisimama mlangoni kwa Naserian akamwambia, "Ni wewe uliongea. Dawa ya mkono wako sitameza tena."

"Ako na tembe za siku kumi," Naserian akaniambia. "Kumi, mzee. Na simu yangu hashiki. Na kamati inakaa Jumatano, wanataka kunitoa. Kwa sababu kompyuta imeandika karani ameruhusiwa, na mwenye kuweka sheria ni mimi. Sasa niambie. Inaweza?"

Nilijua. Nilijua kabla hajamaliza swali.

"Ngoja niangalie," nikasema.

Hayo ndiyo maneno ninayoyajutia zaidi ya yote niliyowahi kusema, kuliko hata yale mawili ya kwenye toleo.

Jumamosi sikufanya kitu. Jumapili, baada ya kanisa, nilifungua historia ya programu. Kila badiliko lina maelezo yake na jina la aliyelifanya. Mtunzaji ana uwezo wa kuandika upya historia hiyo. Nikatazama maneno yangu, nikafikiri: nikiyageuza yasomeke "marekebisho ya usalama, pakua mara moja", itaonekana nilisema. Nakala za zamani ziko kwa wengi, lakini nani wa Kajiado angekwenda kuzilinganisha? Itaonekana nilisema, na Naserian hakusikia.

Nilikuwa nimeshaandika maneno mapya. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Mke wangu aliingia kuchukua sufuria akaniuliza, "Mbona unatoa jasho na kuna upepo hivi?" Nikamwambia ni chai. Alipotoka nikafuta nilichoandika. Nisingependa mnidhanie mwema kwa sababu ya hilo. Nilikaribia kuuweka mzigo wangu kichwani kwa mwanamke aliyekuwa akizama kwa sababu yangu.

Jumatatu asubuhi nikaandika tangazo, nikalituma kwa kikundi kizima cha watu wa mfumo huria. Niliandika hivi: "Matoleo ya ruhusa ya mwaka uliopita humruhusu kila mtu faili la sheria likiwa tupu. Mimi ndiye niliyeweka kosa hili. Nililiondoa miezi mitano iliyopita nikalificha kwa kuliita marekebisho madogo. Mtu ameumia. Pakueni sasa. Mutiso." Kisha nikalichapa kwenye karatasi, nikampigia Naserian nikamsomea.

"Lete hiyo karatasi Jumatano," akasema, akakata.

Kamati ilikaa kwenye chumba cha kungojea, juu ya mabenchi ya wagonjwa, mabati yakilia kwa joto. Mwenyekiti alikuwa Mzee Lemayian, mfugaji, mwenye koti la suti juu ya shuka. Tulisalimiana kwa Kimaasai.

"Sopa, mzee."

"Ipa."

Akainua karatasi ya kumbukumbu za kompyuta. "Hii mashine haina sababu ya kusingizia mtu. Imesema karani ameruhusiwa. Na mwenye kuweka ruhusa ni Sister Naserian. Tunabishania nini?"

Nikainua mkono. "Si Sister. Ni mimi. Mimi ndiye niliyeandika hiyo programu."

Mama mmoja wa nyuma akacheka. "Kumbe hizi vitu huandikwa na watu?"

"Na ni mzee hivi!" akadakia mwingine. "Mimi nilidhani ni watoto wa chuo."

"Enda pole pole," mwenyekiti akasema. "Wengine wetu tuliacha shule tukafuata ng'ombe."

Sikutaka kuigusa kompyuta yao wala lile daftari. Nilikuwa na laptopu yangu, nimeirudishia lile toleo lenye kosa, na ndani yake faili lenye majina ya mbuzi wangu wanne. Sheria ilikuwa ya mstari mmoja, kwamba mtunzaji pekee ndiye wa kulifungua. Nikamfungulia mwenyekiti akaunti, nikamwomba ajaribu. Akaandika kwa kidole kimoja, ulimi nje.

"Imenikataa!"

Nikafuta sheria, faili likabaki tupu. "Hivi ndivyo stima inavyofanya ikikatika. Jaribu tena, mzee."

Akajaribu. Majina yakajitokeza.

"Huyu mbuzi anaitwa Mheshimiwa?"

"Anakula sana na hazai."

Chumba kizima kikacheka. Kisha Mzee Lemayian akaweka kidole chini ya mstari wa mwisho wa skrini, ambapo programu yangu ilikuwa imeandika kwamba mwenyekiti ameruhusiwa.

"Na ni nani ameniruhusu?"

"Hakuna mtu."

"Lakini imeandika nimeruhusiwa."

"Ndiyo. Ingepaswa kuandika kwamba haikupata sheria. Niliifundisha vibaya."

Hakuna aliyecheka tena. Mwenyekiti akavua miwani. "Hii kitu ulijua lini?"

"Miezi mitano iliyopita."

"Na ukamwambia nani?"

"Niliirekebisha. Nikaandika ni marekebisho madogo."

Naserian alikuwa ameketi karibu na mizani ya kupimia watoto. Hakunitazama. Alitoa mkobani daftari lake la buluu, akatafuta ukurasa, akasoma kwa sauti isiyopanda wala kushuka: "Toleo jipya la ruhusa limetoka. Mzee Mutiso anasema ni marekebisho madogo. Ruka."

Akafunga daftari. Nimewahi kutukanwa na watu wa nchi nyingi kwa barua pepe, kwa lugha nilizolazimika kutafuta tafsiri. Hakuna tusi lililoniingia kama neno hilo moja, ruka, kwa sauti ya mtu aliyeniamini.

Mwenyekiti alimgeukia karani. "Na wewe. Ukipata boma ya jirani iko wazi, unaingia kuhesabu ndama zake, halafu unaenda kuzitangaza kwa maji?"

Kamati ikamwondoa yeye, Naserian akabaki. Kuhusu karatasi ya tangazo langu, walisema ibandikwe mlangoni. Naserian akakataa. Akasema mlango umeshasema ya kutosha, akaikunja akaitia mkobani.

Nje alinisimamisha kando ya tangi la maji.

"Ungeniambia Ijumaa."

"Ndiyo."

"Siku tatu nzima nilijiuliza kama ni mimi niliandika sheria vibaya. Nilikuwa karibu kuwaambia ni mimi."

"Ndiyo, Sister."

"Usiniambie ndiyo, ndiyo. Nenda nyumbani."

Ijumaa alikwenda Matasia. Hakuniambia nyumba wala mtaa, na sikuuliza. Nilikaa jikoni nikiwa nimewasha simu, nikihesabu: siku saba zimepita, tembe za siku tatu zimebaki, kama hakuzitupa. Barua pepe zilikuwa zikiingia. Wengine walikuwa wakiniita majina. Wengine walisema nao walikuwa wameruka lile toleo kwa sababu ya maneno yangu, na walikuwa wakikagua mashine zao. Ruhusa iliondolewa kwenye orodha ya programu za kila nakala, kama nilivyohofia, na hofu hiyo niliyoitunza miezi mitano ikamalizika kwa dakika kumi. Sikuwa nikiangalia huko. Nilikuwa nikiangalia simu.

Ililia saa tisa.

"Nimemsomea karatasi yako mlangoni, nikiwa nimesimama," Naserian akasema. "Hakunikaribisha. Nikaisoma mara mbili. Halafu akaniuliza kitu kimoja: huyo mzee aliyeandika, anajua jina langu? Nikamwambia hapana. Akasema, basi asijue."

"Na dawa?"

"Amechukua. Akafunga mlango."

Siku hizi anachukulia dawa kwingine, mbali na watu wa kwao. Hajarudi kwenye dispensari ya Naserian, na sidhani atarudi. Jina lake silijui hadi leo.

Ruhusa sasa iko mikononi mwa wenzenu wawili, mmoja yuko Nkoroi na mwingine hata simjui alipo. Siku niliyowakabidhi niliwapa mambo mawili: funguo za programu, na namba ya Naserian. Niliwaeleza kwamba yeye bado hupiga simu kila toleo likitoka, hata likiwa na maelezo marefu kama mahubiri. Hasomi tena peke yake. Anataka kusikia sauti ya mtu ikisema. Kibuyu cha maziwa hajawahi kutuma tena.

Mwaka jana, muda mfupi kabla sijaachia kazi, nilipata kosa lingine, langu pia, la kuhesabu vibaya urefu wa jina la mtu. Safari hii sikumngoja apige. Nilimtafuta nikiwa bado sijamaliza kuandika tangazo.

"Sister, kuna toleo linatoka leo."

"Ni ndogo ama ni kubwa?"

"Ni kubwa."

"Ni nani alikosea?"

"Ni mimi."

Nilisikia kiti kikivutwa kwenye saruji, kisha daftari likifunguliwa.

"Haya, baba," akasema. "Nimeshika biro. Anza mwanzo."